Mataruma ya Upande wa Ziwa

Sisi Wahaya tunasemwa kwamba hatushangai. Tukionyeshwa kitu kikubwa, wanasema, tunauliza kwanza kama kwetu hakipo kikubwa zaidi. Sikatai. Mimi mwenyewe nimeishi miaka hamsini na sita bila kuachama mdomo mbele za watu, na ile wiki ya mataruma niliianza nikiwa na nia hiyo hiyo. Ilipofika Jumamosi nilikuwa nimeachama kiasi kwamba nzi angeingia, akageuza na kutoka bila kunigusa meno.

Naitwa Dativa, natoka Izigo, na wengi huniita Mama Joyness. Kwa miaka sita nilikuwa mtunzaji wa reli ya bandari ya Kemondo. Ukimwambia mtu wa Bukoba mjini kwamba katikati yake na Muleba kuna reli, atakuuliza umekunywa nini. Lakini ipo. Ni mita mia nne tu. Inaanzia kwenye ghala, inateremka taratibu hadi gatini, inaishia kwenye daraja la chuma linalopanda na kushuka kufuata kimo cha meli. Meli yenyewe ina reli tumboni. Ikitoka Mwanza inaingia gatini kinyumenyume, inafungua mlango wake, na mabehewa yanatembea kutoka majini hadi nchi kavu. Hayo nilikuwa nikiyasikia tu. Tangu nianze kazi meli ile haikuwahi kuja, na mimi nilikuwa nikitunza njia ambayo sikuwahi kuona kinachopita juu yake.

Aliyeitunza kabla yangu ni mume wangu, Yoeli. Aliitunza miaka ishirini na miwili. Alipofariki, Bwana Rutaihwa, ambaye ni mkuu wa ofisi pale bandarini, alinihurumia akanipa nafasi ile. "Mama Joyness, wewe ni mkulima," aliniambia. "Kazi ni kuzuia majani yasiote. Utaiweza."

Niliiweza kupita kiasi, na ndilo tatizo.

Yoeli alikuwa mtu wa maneno machache. Kila siku alirudi nyumbani amejaa udongo kwenye kucha. Nikimuuliza leo umefanya nini, ananijibu, "Nimetoa udongo kwenye mawe." Kesho yake hivyo hivyo. Nilidhani ananificha jambo, maana mtu mzima na akili zake hawezi kushinda juani akitoa udongo kwenye mawe. Kabla sijaajiriwa nilipita pale mara moja kumpelekea chakula, nikaona njia yake ilivyo: mataruma meusi ya mbao, yaani yale magogo yaliyochongwa yanayolala chini ya vyuma kuvibeba, na katikati yake kokoto tupu. Hakuna hata unyasi. Niliona aibu kwa niaba yake. Kwetu ardhi iliyo wazi ni ardhi ya mvivu. Mwanamke ambaye kibanja chake hakina nyasi chini ya migomba anasemwa hadi kanisani, na wanaomsema wanakuwa na haki.

Kwa hiyo nilipoipokea njia ile, msimu wa kwanza tu nilipanda hadi rweya, kule kwenye nyasi za juu, nikakata mizigo na mizigo, nikaitandaza kuanzia ghalani kuteremka. Niliitandaza kama ninavyotandaza kibanjani, nene, imelala vizuri, kingo zimenyooka. Msimu uliofuata nikaongeza. Majani hayakuthubutu kuota. Bwana Rutaihwa alifurahi mpaka akawa anawaleta wageni. "Huu ni ubunifu wa Mama Joyness," anawaambia, na wageni wanapiga picha. Nami nasimama pembeni na fagio langu, kimya, kama mtu asiyependa sifa.

Sehemu moja tu ilinishinda. Mita sitini za mwisho, upande wa ziwa, upepo haukunipa nafasi. Nilitandaza mara mbili, na mara mbili asubuhi nikakuta nyasi zote zinaelea majini. Nikasusa. Huko nikawa nang'oa majani kwa mkono na kuchokoa udongo kwenye kokoto kama alivyokuwa akifanya marehemu, huku nanung'unika peke yangu.

Mwaka huu ikaja habari kwamba meli imetengenezwa na inarudi. Kabla haijafika, njia ilitakiwa kukaguliwa na mataruma mabovu kubadilishwa. Jumatatu asubuhi lori likaingia bandarini na gengi la watu kumi na wawili, na lori jingine nyuma limejaa mataruma mapya yananuka dawa. Vibarua sita wakachukuliwa hapa hapa. Mmoja alikuwa Avit, jirani yangu wa Izigo, kijana wa miaka arobaini mwenye mdomo usio na breki.

Nyapara wa gengi alikuwa mzee mmoja wa Tabora, Mzee Haidari. Mwembamba, kofia ya kushonwa kwa mkono kichwani, mikono mirefu kupita mwili. Alisalimia kila mtu, mimi nikiwemo, kisha akasimama pale ghalani akaitazama njia yangu iliyotandazwa nyasi kwa muda mrefu. Nikajua anaipenda. Nikaenda kuchemsha chai.

Niliporudi na birika nilimkuta anamuuliza Bwana Rutaihwa, "Nani ametunza hapa?"

"Marehemu Yoeli," Bwana Rutaihwa akajibu. "Miaka ishirini na miwili. Sasa mkewe ndiye anatusaidia."

Mzee Haidari akaniangalia mara moja, akapokea chai yake, akashukuru.

Kisha wakasogeza nyasi pembeni, na yeye akachukua nyundo yenye mpini mrefu. Nilitegemea aanze kubomoa. Hakubomoa. Alilifikia taruma la kwanza akaligonga pole, kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa, akainamisha kichwa. Akaenda la pili. Watu wote kumi na wawili waliacha kuongea. Mimi nikafuata nyuma, kwa udadisi tu, nikaanza kusikia. Moja linajibu ko, kavu, sauti inarudi mkononi. Linalofuata linajibu pu, kama umegonga gunia la mchanga. Kila pu, kijana mmoja anachora msalaba wa chaki. Yote kwa nje yalikuwa yanafanana, meusi, mazima. Mzee alikuwa amefumba macho na hakukosea hatua. Nikajiambia, Dativa, hiki ni kitu. Sikumwambia mtu.

Tulipofika karibu na gati misalaba ilikuwa sabini na miwili. Halafu ikakoma. Ko, ko, ko, hadi darajani, mataruma themanini na manne bila hata msalaba mmoja. Nikageuka kutazama ni wapi ilipokomea. Ilikuwa imekomea pale pale nyasi zangu zilipokomea.

Mimi si mjinga. Lakini mtu ana namna ya kujidanganya, nikasema labda ni bahati, labda upande wa ziwa miti ilikuwa ya aina nyingine.

Mchana wakalitoa la kwanza. Waliinua reli kwa jeki, wakang'oa misumari, wakafukua kokoto kwa sururu, wakaliburuta kwa mitaimbo likaja juani. Mzee Haidari akalipindua kwa mguu. Juu lilikuwa taruma. Chini lilikuwa limelainika kama ndizi iliyosahaulika chunguni, na ndani mchwa wanakimbizana weupe. Akachota kiganja cha uozo ule akaukamua. Maji yakatiririka hadi kwenye kiwiko, na ilikuwa ni siku ya tano bila mvua.

"Mbao hii ingekaa hapa miaka mingine ishirini," alisema. "Haiogopi treni. Inaogopa kulala kwenye maji." Akapiga goti, akachimbua katikati ya kokoto, akatoa udongo mweusi, mzuri, mlaini, udongo ambao mgomba ungeshukuru. Nyasi zangu za miaka sita zilikuwa zimegeuka kibanja. "Nani alileta nyasi hapa?"

Bwana Rutaihwa aliniangalia, kisha akaangalia ziwa. "Ni za zamani hizo," akasema. "Za wakati wa marehemu."

Avit akacheka. "Yoeli? Yule alikuwa anashinda hapa kuota jua. Sisi tulijua siku nyingi. Mtu anarudi nyumbani eti ametoa udongo kwenye mawe."

Vibarua wengine wakacheka naye. Nami nilikuwa nimeshika birika, nikaendelea kulishika. Ningeweza kusema wakati ule. Neno lilikuwa tayari mdomoni na sikulitoa, na hadi leo nikikumbuka najiona mchafu. Nilikuwa naogopa. Kazi ile ilikuwa yangu, watu walikuwa wameipiga picha.

Siku mbili zilizofuata nilifagia karibu na gengi na kuwatazama, maana sikuweza kukaa mbali. Sijui nieleze vipi. Reli ni chuma kizito kisichosogezwa na watu mia wakivuta ovyo. Lakini wale watu kumi na wawili walipanga mitaimbo chini yake, mmoja akaita, wengine wakamwitikia, na kila wakiitikia chuma kile kilisogea upana wa ukucha. Wakiita tena, upana wa ukucha. Hakuna aliyetumia nguvu zaidi ya mwenzake. Wakiingiza taruma jipya, wanne wanalizunguka na kushindilia kokoto chini yake kwa sururu, pande zote kwa pamoja, tap tap tap tap, hadi ukilikanyaga unahisi umekanyaga mwamba. Halafu Mzee Haidari, na uzee ule, analala kifudifudi, shavu juu ya reli, anafumba jicho moja na kuangalia urefu wote wa njia. "La sita, inueni kidogo," anasema. Mimi naangalia la sita sioni chochote. Wanainua. Anaangalia tena. "Basi." Nilikuwa nimezoea kuona wasomi wakiheshimiwa kwa makaratasi. Huyu aliheshimiwa kwa shavu lake.

Na kila walipotoa taruma bovu walimtaja Yoeli. Si kwa ubaya sana, kwa utani wa kazini. "Hili Yoeli alililalia." "Hili alilitumia kama mto." Kufikia Jumatano jina lake lilikuwa limekuwa neno la kutajia mbao iliyooza. Lete hapa huyo Yoeli mwingine, wanasema, na linaburutwa.

Jumatano hiyo mchana Bwana Rutaihwa akaniita ofisini. Alikuwa na fomu ya ripoti mezani. Akaigeuza niisome. Palikuwa na sehemu ya chanzo cha uharibifu, naye alikuwa ameshaandika kwa penseli, kwa mwandiko wake mzuri aliofundishwa misheni Kashozi: uzembe wa mtunzaji wa awali, ambaye ni marehemu.

"Nimekuita ili usije ukasikia kwa watu," aliniambia.

"Bwana Rutaihwa, nyasi unazijua ni za nani."

"Nazijua. Na wageni niliwaleta mimi." Akavua miwani. "Tukiandika ukweli wewe unaondolewa, na mimi nitajieleza. Tukiandika hivi, hakuna anayeumia. Marehemu hafukuzwi kazi, Mama Joyness."

Alisema kwa upole, na hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi, kwamba ilikuwa rahisi hivyo na tamu hivyo. Nikasimama. Nikamwambia, "Yoeli nimemzika kibanjani kwangu. Kila asubuhi napita ubavuni kwake nikienda kukata mkungu. Unanitaka niwe nazunguka njia gani?"

Nikatoka, nikaenda moja kwa moja kwa gengi. Walikuwa wameinua reli, wameinama wote. Nikasema kwa sauti ambayo binti yangu Joyness angeisikia kule kwake Kibeta, Bukoba mjini, "Nyasi ni zangu. Yoeli hakutandaza hata unyasi. Nimetandaza mimi, miaka sita, baada ya kumzika. Kwa hiyo mkitaja mbao iliyooza, tajeni Dativa."

Avit aliacha mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu haukutoka kitu. Mzee Haidari akashusha jeki taratibu, akajifuta mikono.

"Nilijua tangu Jumatatu, mama," alisema.

"Sasa kwa nini ulinyamaza, ukaacha wamcheke?"

"Aliyetandaza alikuwepo." Hakusema kwa ukali. "Nisingesema badala yake."

Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Akaniambia pia, bila kuzungusha, kwamba mtunzaji aliyeharibu njia huondolewa, kwamba ndiyo taratibu na yeye hataificha. Nikamwambia sijaja kuomba kufichwa. "Vizuri," akasema. "Basi njoo nikuonyeshe kitu."

Akanipeleka upande wa ziwa, kwenye yale themanini na manne. Akapiga magoti kati ya mataruma mawili, akaanza kutoa kokoto kwa mkono, moja moja, akizipanga pembeni. Aliendelea mpaka mkono ukazama hadi kwenye kiwiko. Akautoa, akaniambia, "Ingiza wako."

Nikaingiza. Alfajiri ile mvua ilikuwa imenyesha kubwa, bandari nzima ilikuwa bado na madimbwi. Lakini kule chini, urefu wote wa mkono wangu, palikuwa pakavu. Mawe matupu, safi, yanagongana vidoleni. Hakuna udongo. Hakuna mzizi. Nikasukuma mkono hadi begani nikitafuta udongo, nikaukosa.

"Njia zote huziba udongo," Mzee Haidari alisema. "Upepo unaleta, mvua inaleta, viatu vinaleta. Tunaleta mashine kubwa kuusafisha, na pengine hatuleti. Huyu bwana aliufuata jiwe kwa jiwe, mita mia nne, na akifika mwisho anaanza tena mwanzo. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na minane, mama. Nimesikia kwamba inawezekana. Sikuwahi kuiona."

Nilibaki nimepiga magoti, mkono wangu umezama ardhini. Miaka ishirini na miwili mtu alikuwa akinijibu ukweli mtupu kila jioni, na mimi namwekea chakula nikiwaza ananificha mwanamke. Nililia pale pale, mbele ya wanaume, na sikujifuta. Nilikuwa namwogopa mume wangu, namna unavyokiogopa kitu ukigundua ukubwa wake umekuwa ukikaa mezani kwako. Hata hizo mita sitini zilizopona, nilizichokoa kwa sababu tu upepo ulinilazimisha kumuiga.

Baadaye nikauliza, "Haya nayo mtayatoa?"

Akanieleza kwamba hilo ndilo linalomnyima usingizi. Mapya yaliyoletwa yalikuwa ya kutosha sabini na mawili tu. Na pale mwisho, daraja linapokutana na nchi kavu, ndipo behewa linapoangusha uzito wake wote kwa mara ya kwanza. Fundi mwingine angesimamisha kazi na kurudisha meli, kwa sababu mbao ni za zamani. "Zikikubali, hakuna la kusema," alisema. "Zikikataa, behewa linaenda ziwani, na ripoti itamrudia marehemu huyu huyu. Nyundo yangu inasema yaache. Nitayaacha. Lakini ripoti sitaisaini kabla behewa halijapita."

Siku mbili zilizofuata niliondoa nyasi zangu zote. Hakuna aliyenituma. Nilizivuta kwa mikono, nikachokoa udongo chini yake, nikaubeba kwa kapu hadi nje ya uzio. Ijumaa asubuhi Avit alikuja akachukua upande wa pili wa kapu bila kuulizwa. Tulibeba mara nyingi. Mwisho akasema, akiniita kwa heshima ya kwetu, "Udongo huu, waitu, tungeupeleka kwenye migomba." Nikamwambia apeleke kwenye ya kwake. Ndivyo alivyoniomba radhi, na ndivyo nilivyompokea.

Jumamosi saa tatu asubuhi meli ikaja.

Nimeshaona meli, sisi ni watu wa ziwa. Sikuwa nimeiona meli ikija kinyumenyume, pana kama uwanja, imebeba njia ya treni. Watu walikuwa wamejaa hadi juu ya mawe ya kilimani, wengine wametoka Muleba, wazee walioletwa kwa pikipiki, masista wawili. Daraja la chuma likashushwa kwa minyororo, likagusa sakafu ya meli, na ghafla reli ya ndani ya meli na reli yangu zikawa kitu kimoja. Kule ndani gizani nikaliona behewa la kwanza, rangi ya kutu, limejaa saruji. Tani arobaini na zaidi, alisema Bwana Rutaihwa.

Kichwa kidogo cha treni cha bandarini, kilicholala ghalani miaka yote na chepesi kuliko behewa, kikaingia juu ya daraja polepole, kikashikana na behewa, kikaanza kurudi. Behewa likasogea. Na lilipoanza kutoka, meli nzima ilinyanyuka. Niliiona kwa macho yangu, chuma chote kile kinapanda juu ya maji kwa kuwa kinapunguziwa mzigo, na ziwa likahema pembeni mwake. Ningeweza kusikia mbawa za ndege.

Mzee Haidari alikuwa amelala kifudifudi kando ya njia, jicho kwenye taruma la kwanza la upande wa ziwa. Nami nikalala kando yake. Sikujali gauni, sikujali masista.

Gurudumu la kwanza la behewa likafika. Reli ikashuka. Kweli ilishuka, chuma kile, niliona kikipinda chini kama kitanda cha kamba, na taruma likashuka nalo likizama kwenye kokoto, na moyo wangu ukashuka nao. Kokoto zikalia, krrr, zikisogeleana. Kisha gurudumu likapita, na taruma likapanda likarudi mahali pake. Linalofuata likashuka, likapanda. Na linalofuata. Yote themanini na manne, moja baada ya jingine, yaliinama na kusimama, taratibu, kwa zamu, na juu yake tani arobaini zinapita bila kuyumba hata kidogo. Kwa miaka yote nilidhani reli imelala imekufa pale chini. Ilikuwa inafanya kazi ambayo nisingeiona kamwe bila kuweka shavu chini. Nikawa naomba, sijui sala gani, nadhani nilikuwa nataja tu jina lake.

Behewa likafika kwenye mataruma mapya, likapita, likafika ghalani. Likafuata la pili, la tatu, hadi la nane. Watu wakapiga vigelegele. Mzee Haidari akainuka kwa shida, nikamshika mkono, akaenda akayagonga yale ya zamani moja moja kuanzia mwanzo. Ko. Ko. Ko. Katikati akanipa nyundo. Nikagonga yaliyobaki mwenyewe, na kila moja lilinijibu mkononi.

Ofisini tulikaa watatu. Mzee Haidari hakuwa mwepesi wa kuandika, kwa hiyo alisema na Bwana Rutaihwa akaandika, kwa kalamu sasa, baada ya kufuta penseli. Mataruma sabini na mawili yamebadilishwa. Chanzo cha kuoza ni nyasi zilizotandazwa juu ya njia na mtunzaji wa sasa. Mstari wa chini yake: mataruma themanini na manne ya upande wa ziwa, yaliyotunzwa kwa mkono na marehemu Yoeli, ni mazima, yamebeba mabehewa manane, hayahitaji kubadilishwa.

"Rudia huo wa chini," nilimwambia. Akaurudia. Nikamwambia arudie tena, na mtu yule mwenye haraka zake zote akarudia.

Kisha akanisogezea karatasi nisaini kwenye ule wa juu. Alikuwa ameshaandika jina langu kamili linavyosomeka kwenye vitabu vya kazini tangu nilipoajiriwa: Dativa Yoeli.

Nililitazama. Miaka thelathini na moja nimeitwa hivyo, tangu tulipofunga ndoa kanisani, na nimelipenda jina hilo kuliko la ubatizo.

"Kata hilo la pili," nikasema.

"Mama Joyness, ndilo jina lako."

"Najua. Lakini huo mstari wa nyasi yeye hahusiki. Kata, andika Dativa Mutembei."

Bwana Rutaihwa akaishika kalamu hewani. "Mutembei ni nani?"

"Baba yangu," nikamwambia. "Ndiye aliyenifundisha kutandaza."

Akakata, akaandika, nami nikasaini.